Kisima Kina Mwenyewe

Katika familia ile, kisa cha choo cha ndani husimuliwa nusu tu. Wageni wakija na sahani zikishaondolewa, msimulizi huwa ni binti anayeitwa Kasuku, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye watoto wake. Huanza vizuri, huigiza sauti za wakubwa, huwafanya watu washike mbavu. Akifika kwenye mti wa waridi husimama ghafla, hufuta macho na kuuliza ni nani aongezewe chai. Wageni hudhani kisa kimekwisha. Hakijaisha. Nusu ya pili haitamkwi ndani ya nyumba hiyo, na sababu yake, ukiifuata hatua kwa hatua, ni ya kimantiki kabisa.

Nyumba ilikuwa ya Bibi, mama yake mama, katikati ya shamba. Kasuku alikuwa bado mtoto asiyefunga mdomo hata usingizini. Baba yake alikuwa fundi mwashi, na watu walimwita Pimamaji, kwa sababu kile chombo chenye kiputo cha hewa, kinachoonyesha kama ukuta umelala sawa, hakikumtoka mfukoni. Inasemekana aliwahi kukiweka juu ya jeneza wakati wa maziko, akakitazama kwa makini, akatikisa kichwa.

Kila kitu maishani mwake kilikuwa na kipimo, isipokuwa namna ya kuishi na mama mkwe. Wawili hao waliheshimiana kupita kiasi. Hawakutazamana usoni wala hawakusemezana moja kwa moja. Bibi akitaka kibiriti kilichokuwa karibu na mkwe wake, alimwambia binti yake, binti akamwambia mumewe, na kibiriti kikarudi kwa njia hiyohiyo. Mke yule ndiye aliyekuwa posta ya nyumba. Kama posta nyingine, mara kwa mara alichelewesha barua. Na zile zenye makali alizifungua akazipunguza kabla ya kuzifikisha. Kwa ufundi huo nyumba ilikaa kwa amani miaka mingi.

Shida ilikuwa njia ya chooni. Choo cha shimo kilikuwa mwisho wa kiwanja, na njia yake ilikuwa moja, nyembamba, yenye mti wa waridi katikati. Asubuhi moja Pimamaji alikuwa akienda huku kakamata kopo la maji, na Bibi akatokea kupitia mlango wa jikoni, naye akielekea hukohuko na kopo lake.

"Shikamoo, mama," alisema Pimamaji, akiutazama mti.

"Marahaba, baba," alijibu Bibi, akiutazama mti huohuo.

Hakuna aliyeweza kukiri anakokwenda. Pimamaji aliinama kwa heshima, akaimwagia mizizi ya waridi maji yake yote, kana kwamba hilo ndilo lililomtoa kitandani. Bibi naye, ili asionekane mwenye nia nyingine, akamwaga ya kwake upande wa pili. Kisha kila mmoja akarudi ndani kwa hatua fupi za mtu aliyebanwa. Jambo hilo lilijirudia mara nyingi sana. Mti ule wa waridi ulistawi kuliko mti wowote wa shamba lile.

Hapo ndipo Kasuku hukomea. Sisi tuendelee.

"Nitaleta choo ndani ya nyumba," Pimamaji alimwambia mkewe.

"Ndani? Chini ya paa moja na sufuria zangu?"

"Sufuria hazitajua."

Alifanya kazi kwa mpango. Aliinua tangi juu ya nguzo likusanye maji ya mvua kutoka kwenye bati. Alijenga bafu lenye choo cha kuvuta na sinki jeupe, akalaza bomba la maji taka kwa mtelemko wa unene wa kidole kwa kila urefu wa mkono, kwa kuwa mtelemko mkali hukimbiza maji na kuacha uchafu, na mtelemko hafifu huacha vyote viwili. Ila alipochimba shimo la kupokea hayo maji, sururu iligonga mwamba. Akahamia pembeni, akagonga mwamba. Akahamia tena, mpini ukavunjika.

Nyuma ya jiko palikuwa na kisima kikavu. Maji yake yalikimbia tangu Bibi alipokuwa msichana, na juu yake palilazwa jiwe lenye tundu. Kila asubuhi Bibi alimimina humo kata moja ya maji safi, bila neno, kama mtu anayempelekea kinywaji mgonjwa asiyetoka chumbani. Pimamaji alikuwa amemwona akifanya hivyo na akadhani ni mambo ya uzee. Sasa alishusha uzi wenye jiwe, akapiga hesabu ya upana na kina, akaona kwamba familia ingehitaji kizazi kizima kukijaza. Akaanza kulielekeza bomba huko, huku akipiga mluzi.

Bibi alimwona kupitia dirisha la jiko. Akaacha kupeta mchele.

"Nenda kamwambie mumeo hivi," alimwambia binti yake. "Atafute shimo jingine. Kile kisima kina mwenyewe, na mwenyewe hajahama. Mwambie vilevile nilivyosema."

Mke alitoka. Mumewe alikuwa ameketi juu ya matofali, mikono imechubuka, uso umefunguka kwa furaha ambayo hakuwa ameiona kwake tangu mwamba wa kwanza.

"Mama anasemaje?" aliuliza.

Mke aliyapima maneno yale. Aliona ugomvi utakaofuata: mume aliyenuna, mama aliyenuna, naye katikati akibeba manuno yao kwenda na kurudi.

"Anasema kazi nzuri," alijibu. "Endelea."

Akarudi jikoni. "Amesikia, mama."

Siku ya kukifungua choo majirani walikuja kutazama. Mzee mmoja alivuta mnyororo, akaruka nyuma, akaomba avute tena. Watu walicheka. Ni mke peke yake aliyesikia, baada ya maji kushuka na vicheko kutulia, sauti ndogo kutoka chini: mtu akimeza kwa taabu, kisha akikohoa.

"Ni hewa," alisema Pimamaji alipoambiwa. "Hewa ikinaswa ndani ya bomba lazima itafute pa kutokea."

Akaongeza bomba la hewa. Kikohozi kikaendelea, ila sasa kilisikika pia juu ya paa.

Kisha ikaja harufu. Haikuwa ile ambayo mtu angeitarajia. Mwanzoni ilikuwa ya udongo mkavu ulionyeshewa mvua, nzuri hata Kasuku akawa anainamia sinki kuinusa. Baadaye ilibadilika ikawa na uvuguvugu, harufu ya kinywa kilichofungwa kwa muda mrefu na kufunguliwa karibu na uso wako.

Kasuku alipenda kuimba akioga. Bomba lilimrudishia nyimbo zake, naye akafurahi kupata mwenzake. Alimwita mama yake aje asikilize. Mama alisimama mlangoni na taulo mkononi, akasikia mtoto akiimba mstari, na bomba likiujibu mstari uleule kwa sauti ileile, kama mwangwi wowote. Akataka kuondoka. Ndipo akagundua kilichokuwa kikimsumbua, nacho ni kwamba mwangwi ulikuwa unakaribia, kila mstari ukijibiwa mapema kidogo kuliko ule uliotangulia, hata mtoto na bomba wakawa wanaimba pamoja, na kisha, mtoto akiwa angali anavuta pumzi ya mstari unaofuata, mstari huo ukatoka kwanza chini ya sinki, wazi, kwa furaha, na Kasuku akaufuata.

"Mama, umeona? Ananifundisha!"

"Toka huko," alisema mama. "Toka sasa hivi."

Kesho yake adhuhuri, jua likiwa utosini na Pimamaji akila sebuleni, Kasuku alikuja akasimama mbele yake na kufungua mdomo. Hakikutoka kitu. Aliufungua zaidi, mishipa ya shingo ikamsimama, machozi yakaanza kumtiririka.

"Acha mchezo, binti," alisema baba.

Na kutoka bafuni, kupitia mlango uliofungwa, ikaja sauti ya Kasuku: "Baba, huku chini kuna baridi."

Walimpeleka zahanati. Daktari alimulika koo lake akasema halina kidonda wala uvimbe, labda mtoto ameshtuka. Waliporudi, sauti ilikuwa ikiwasubiri kwenye sinki, ikipiga soga kama kawaida yake, kuhusu mwanasesere wake na jino lake linalolegea, na mtoto mwenyewe ameketi sakafuni akijisikiliza, viganja vimeziba mdomo. Kila siku sauti ile ilizama kidogo. Kutoka kwenye sinki ilihamia kwenye choo, na kutoka chooni ikawa inasikika kwa mbali, kama ya mtu anayeondoka huku akiita.

Bibi ndiye aliyemwita mganga. Jina lake walilomfahamu nalo lilikuwa Mzee Pua, na jambo la kwanza alilofanya ni kufoka.

"Nani kawasha ubani? Zimeni! Mimi nafanya kazi kwa pua, nanyi mnaniziba."

Alipiga magoti kwenye sakafu ya bafu, akanusa tundu la sinki, akanusa choo, akatoka nje akanusa kifuniko cha kisima. Aliporudi hakuwa na mzaha tena.

"Mkinipa kazi ya kumfukuza, siiwezi," alisema kwa sauti ya chini. "Huyu ndiye mwenye nyumba. Nyinyi ni wapangaji. Ninachoweza ni kumwuliza anataka nini. Lakini haraka. Sauti ya mtoto ikigusa chini kabisa ya kisima, hairudi."

Akainamia sinki. "Mwenyewe, tunakusikiliza."

Kisha sauti ya Kasuku, ile ile yenye kithembe kidogo cha jino linalolegea, ikasema polepole:

"Maji yalinikimbia nikabaki na kiu. Nikapewa kata moja asubuhi, nikanyamaza. Kisha mkanifungua mdomo kwa nguvu, mkanimiminia yaliyotoka matumboni mwenu. Nikakohoa, mkaniita hewa. Nikatema, mkavuta mnyororo tena, na mkacheka, niliwasikia mkicheka, na kila aliyecheka nimemhifadhi. Nimeanza na mwenye maneno mengi. Nitawamaliza mmoja mmoja, mpaka nyumba hii iwe kimya kama nilivyokuwa mimi, na hata hapo sitakuwa nimeshiba."

Mganga hakuinua kichwa. "Utakubali nini umwachie mtoto?"

"Mkono ulionichafua unisafishe. Na koo lililozuia onyo lije kwangu."

"Onyo gani?" aliuliza mganga, akiwageukia.

Bibi, kwa mazoea, alimtazama binti yake. "Mwulize mumeo, si nilimwonya kabla hajaunga bomba?"

Pimamaji naye akamgeukia mkewe. "Mwambie mama, sikuonywa. Niliambiwa kazi nzuri."

Mke alisimama katikati yao na ujumbe wa pande mbili mikononi, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe hakufikisha wowote. Mzee Pua alivuta hewa mara moja kuelekea kwake, akamtazama kwa huruma, akaagiza kamba itafutwe.

Siku iliyofuata Pimamaji alikata bomba kwa msumeno, akaliondoa jiwe, akajifunga kamba kiunoni na kuteremka kisimani akiwa na ndoo na koleo. Kamba yake ilifungwa kwenye nguzo ya tangi. Kamba ya ndoo ilihitaji mtu wa kuivuta. Mganga alikataa: lazima iwe damu ya nyumba. Mke alikuwa amempakata mtoto, ambaye sasa hakuweza hata kusimama. Akabaki Bibi.

Kazi ya kamba haitaki posta. Pimamaji alijaza ndoo ya kwanza, akangoja, akakohoa kwa adabu. Hakuna kilichotokea.

"Mwambieni mama avute!" alipiga kelele.

"Nimwambie nani? Niko peke yangu huku!" Bibi alijibu, na hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwake, ukiondoa marahaba.

"Basi vuta, mama!"

"Navuta! Wewe umeijaza kama unamvutisha punda!"

"Polepole, inanimwagikia kichwani!"

"Ni yako hiyo, baba. Ipokee."

Mahali pengine, siku nyingine, ingekuwa sehemu nzuri kuliko zote za kisa. Hata mganga aligeuka pembeni, mabega yakimcheza. Ila kadiri ndoo zilivyopanda ndivyo sauti ya Pimamaji ilivyopungukiwa na maneno, hadi akaacha kujibu kabisa, maana alikuwa amefika kwenye jiwe la chini, na alipokuwa akilikwangua kwa koleo, kisha kwa kisu, kisha kwa kucha, aliona kwamba jiwe lile lina joto, na kwamba linapanda na kushuka chini ya viganja vyake kama ubavu wa mtu aliyelala, na nyuma ya mawe ya ukuta, karibu na sikio lake kiasi cha kuhisi pumzi, alianza kusikia nyumba yake yote ikizungumza: mluzi wake mwenyewe, kicheko cha yule mzee jirani, kikohozi cha Bibi, mnyororo ukivutwa na kuvutwa, na chini ya hayo yote, ikififia, sauti ya mwanawe ikihesabu meno yake na kukosea na kuanza upya, kama afanyavyo mtoto aliyeachwa gizani akijaribu asilie.

"Mkono umesafisha," ikasema sauti ile, kwa kinywa cha Kasuku. "Koo bado."

"Chukua langu!" Pimamaji alilia. "Mimi ndiye niliyechimba, chukua langu!"

"Lako halikuzuia kitu."

Juu, mke alisikia. Alimlaza mtoto kwenye mapaja ya mganga, akakiendea kisima, akapiga magoti ukingoni kando ya mama yake. Bibi alimtazama, kamba ikamlegea mikononi, kwa kuwa wakati huo alielewa.

"Usiseme," Bibi alinong'ona. "Mwanangu, nakuomba. Usimjibu."

Mke aliinama juu ya giza mpaka nywele zake zikaning'inia ndani.

"Baba Kasuku," alisema. "Mama anasema utafute shimo jingine. Kile kisima kina mwenyewe, na mwenyewe hajahama."

Aliyasema vilevile alivyoambiwa, bila kupunguza wala kulainisha neno. Ndiyo yaliyokuwa maneno yake ya mwisho. Kisima kilimeza, mara hii bila taabu. Na kwenye mapaja ya mganga Kasuku alivuta pumzi ndefu, akapiga yowe lililowarusha ndege kwenye bati, akaita, "Mama!" Mama akageuka, akafungua mdomo kumwitikia, na hakikutoka kitu.

Mzee Pua alirudi mara kadhaa kuomba. Jibu alilopewa lilikuwa moja: lililotolewa kwa hiari halirudishwi. Pimamaji alilipasua lile jabali kwa tindo na nyundo, kwa msimu mzima, akapata shimo lake mbali na nyumba. Jiwe la kisima alilirudisha kwa mikono yake, akalipima, likalala sawa. Yeye na mama mkwe wake walizoea kugombana uso kwa uso kila siku, kwa sauti kubwa, hadi Bibi alipofariki. Hawakuwa tena na mtu wa kumtuma. Sasa ni Pimamaji anayepeleka kata ya maji safi kila asubuhi, akiwa mzee, na hukaa pale kidogo akisikiliza kama atasikia akiitwa.

Mkewe yupo bado. Ni mama mpole, mwenye macho ya uchangamfu, na hupenda wageni. Kasuku akianza kusimulia habari ya makopo mawili na shikamoo iliyoelekezwa kwa mti, mama huketi mbele kabisa, amekunja mikono, akingoja mahali pa kucheka.

Hapo kwenye waridi ndipo binti hulazimika kukomea. Sebule nzima huangua kicheko, na mama naye hucheka; mdomo hufunguka, mabega hutikisika, kimya kabisa. Kicheko chake hutoka bafuni, kwenye sinki lisilounganishwa tena na kisima, wazi na kwa furaha. Mgeni asiyejua husema nyumba hii ina mwangwi mzuri. Lakini wenyewe wamekwisha kupima, na ndiyo maana Kasuku huinuka haraka kuuliza habari za chai, kabla anayesikiliza chini hajamhifadhi mwingine: mwanzoni kicheko kile kilikuwa kikija baada ya mama kufungua mdomo, baadaye kikawa kinakuja pamoja naye, na mwaka huu, mama akiwa bado ametulia kitini, midomo imefumbwa, kilitangulia.